Zile alama za ukoo za Wajapani zina maana gani?

Wakuu habari zenu, kwenye muvi za masamurai naona kila ukoo una kialama chake cha duara, mara majani mara maua, kwenye bendera hadi kwenye nguo. Zile ni urembo tu au?

> Zinaitwa kamon mkuu. Ukoo wa Tokugawa ulikuwa na majani matatu ndani ya duara, na ua la krisantemumu lenye petali 16 ni la mfalme wao, angalia kava ya pasipoti ya Japani utaliona. Kimono rasmi kabisa inawekwa tano: mgongoni, mikononi mbili, kifuani mbili.

> Mi naikubali ya ukoo wa Sanada, sarafu sita tu basi!! Ni nauli ya maiti kuvuka mto kwenda ahera, yani jamaa anaingia vitani nauli kashaibeba kabisa 😂

> Hata nembo ya Mitsubishi imetoka huko, wameunganisha alama ya ukoo wa Iwasaki, ndo mwanzilishi mwenyewe, na ya mabwana wa jimbo la Tosa kulekule Japani yenye majani matatu ya mwaloni

Dah, kumbe Pajero ya mzee ina ukoo