Naomba ushauri: swali la gololi ya risasi na joto, nani abebe joto lote?

Wakuu wa fizikia, shikamooni. Naandaa swali la kidato cha tano na nimekwama kwenye mgawanyo wa joto.

Gololi ya risasi (yaani metali ya lead) ya gramu 10 inagonga kipande cha mbao cha kilo 1.99 kinachoning'inia, kwa kasi ya 300 m/s, na kunasa humo. Nishati mwendo ya mwanzo ni 450 J. Wanafunzi wengi huigeuza yote kuwa joto, na hapo ndipo wanapopotea: momenta (tungamo × kasi) haipotei, kwa hiyo vyote viwili vinaondoka pamoja kwa 1.5 m/s vikiwa na 2.25 J. Joto ni 447.75 J. Tofauti ni ndogo, lakini mbao ikiwa nyepesi inakuwa kubwa, ndiyo maana sitaki waruke hatua hii.

Sasa tatizo lenyewe. Joto lote likibaki kwenye gololi, 447.75 ÷ (0.01 × 130) inatoa ongezeko la nyuzi 344 (130 ni joule za kupandisha kilo moja ya risasi kwa nyuzi moja). Ukianzia 27 °C unafika 371 °C, jibu lisilo sahihi, maana risasi huyeyuka 327 °C. Kuifikisha hapo kunakula 390 J, zinazobaki 57.75 J ni za kuyeyusha, takriban gramu 2.5 kwa joto fichu (joto la kuyeyusha kilo moja bila kupandisha nyuzi) la 23,000 J/kg.

Je, niliache hivyo kama mtego, au niseme wazi kuwa gololi inachukua 60%, ipande nyuzi 207 tu? Kwa uzoefu wenu wa kusahihisha, ipi inapima uelewa vizuri zaidi?