Naomba ushauri: mdogo wangu anachomelea bila miwani

Wakuu, mdogo wangu ana miaka 17, anajifunza kuchomelea mageti kwenye karakana moja hapa Dar. Grenda imetolewa kava, na miwani ya giza ipo moja tu, ya fundi mkuu. Usiku macho yanamuwasha kama yametiwa mchanga. Wenzake wanamwambia aweke vipande vya viazi!

Najua Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Ila dogo hana mkataba, na ufundi anaupenda kweli. Nikienda OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, jina langu litafichwa? Na akiumia, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamtambua mwanagenzi kama yeye? Mwenye uzoefu anisaidie.