Msaada jamani: nikilala nalowa jasho kila usiku na feni iko namba ya mwisho

Kijana wa Tabata

Wakuu habari za jioni, naomba tusaidiane hili maana linanimaliza. Mi nikilala napata joto sana, sisemi lile joto la Dar ambalo kila mtu analo, nasema naingia kitandani saa nne niko sawa kabisa, ikifika saa saba saa nane hivi nashtuka mgongo umelowa, shuka limelowa, mto nageuza upande huu una moto nageuza ule nao una moto. Feni ya kusimama iko namba tatu inanipuliza usoni lakini mgongoni ni kama niko juu ya jiko. Kuanzia Desemba mpaka huu Machi ndo balaa lenyewe, mwezi wa saba angalau napumua.

Nyumba ni ya kupanga, chumba na sebule, bati juu na siling bodi ya jipsam, ukuta wa tofali za saruji, dirisha la chumbani moja tu linatazama magharibi. Godoro ni sponji la inchi 8, lile laini ukilala unazama. Mke wangu yeye yuko pembeni kajifunika blanketi na anataka nizime feni, kwa hiyo kila usiku ni mazungumzo. AC kwa sasa siwezi. Nikisoma mitandaoni naona wenzetu huko wana mito ya jeli sijui magodoro yanayopozwa na maji, mi nataka vitu vinavyofanyika hapa hapa kwetu. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Magodoro

Kijana pole sana, ila umejijibu nusu mwenyewe, umesema usoni unapata upepo na mgongoni unaungua. Feni haiwezi kufika mgongoni mkuu. Sponji ni vijitundu vidogo vidogo vimejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ndo kitu kinachozuia joto lisitoke, sasa wewe unazama ndani yake, linakukumbatia mbavuni na kiunoni, joto la mwili litokee wapi? Lile gumu, wenyewe mnaita hai densiti, unalala juu yake halikumezi, kwa hiyo angalau ubavuni hewa inapita. Mteja wangu akiniambia anasikia joto simuuzii laini hata kama anazo pesa.

Halafu angalia kitu ambacho watu wengi hawakifikirii, ile nailoni ya dukani. Watu wananunua godoro wanaliacha na nailoni yake miaka, wanasema lisichafuke, mtoto asikojolee. Nailoni haipitishi jasho wala hewa, jasho likitoka linabaki pale pale kati ya ngozi na shuka. Kama yako bado ipo itoe leo, tandika hata blanketi jembamba la pamba kuukuu juu ya godoro ndo uweke shuka, linanyonya. Kama ni mtoto anayekojoa weka kipande cha plastiki upande wake tu.

Na mashuka. Haya mashuka mazuri ya maua yanayong'aa na kuteleza mengi ni polista tupu hata kama lebo imeandikwa cotton. Kujua ni rahisi, chomoa uzi mmoja pembeni uuchome na kiberiti (uchomee nje, mbali na shuka lenyewe). Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi na majivu yake ukiyasugua yanapukutika. Polista inayeyuka, inajikunja na kubaki kidonge kigumu cheusi. Zikichanganywa utaona vyote viwili. Mi naenda soko la mitumba la Karume natafuta mashuka ya pamba yaliyofuliwa sana, yale yaliyochoka kidogo ndo mazuri, mepesi na yanakausha jasho haraka, na bei yake haifiki nusu ya hilo la dukani.

Dada Nesi

Kabla hatujafika mbali kwenye magodoro naomba kukuuliza kaka yangu, unijibu tu ndiyo au hapana. Je hilo jasho linakutoka hata ukiwa sehemu ya baridi? Umepungua uzito bila kutaka? Una kikohozi kilichozidi wiki mbili, au homa za jioni? Kuna dawa unayotumia kila siku? Nauliza kwa sababu jasho la usiku la kulowesha mashuka linaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, au malaria, au tezi la shingo linafanya kazi kupita kiasi, au sukari kushuka usiku kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, na zipo dawa za msongo wa mawazo ambazo nazo zinatoa jasho. Kwa kina mama wa miaka ya arobaini kwenda hamsini na kitu ni hedhi inakaribia kukoma. Wapo watu wanabadilisha feni na magodoro mwaka mzima kumbe ni TB, na kipimo cha TB na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali.

Kijana wa Tabata

Asante sana dada, yote hapana, na situmii dawa yoyote. Nikienda Njombe kwa wazazi nalala na mablanketi mawili vizuri tu mpaka asubuhi. Mzee wangu wa magodoro kiberiti nimepiga sasa hivi, kimebaki kidonge cheusi.

Dada Nesi

Basi hapo nimetulia, kwako ni joto la kitanda na chumba. Ila ukiona siku moja linakutoka hivyo hivyo hata huko Njombe usikae nalo, nenda kapime.

Mtoto wa Dodoma

Mbona rahisi hiyo mkuu. Chukua kanga ya pamba, iloweke, ikamue vizuri isidondoke maji, jifunike nayo na feni iwake. Sisi huku miezi ya kumi na kumi na moja ndo dawa yetu, unasikia baridi mpaka unatafuta shuka. Wengine wanatundika shuka bichi dirishani upepo ukipita unaingia wa baridi.

Mama wa Likoni

Mwanangu wa Dodoma huko kwenu kukavu, maji yanakauka haraka na yakikauka ndiyo yanayochukua joto. Sisi wa pwani hewa yenyewe imeshashiba maji, ukijifunika leso (kanga) mbichi Mombasa au Dar haikauki, baada ya nusu saa unalala ndani ya mvuke na asubuhi chumba kinanuka ukungu. Shuka bichi dirishani ndiyo usiseme, unaongeza unyevu ndani ya nyumba ambayo tayari ina unyevu. Kwa pwani ukitaka maji, loweka kitambaa kidogo ujifute shingo, kwapa na miguu halafu upate upepo, kile kidogo feni itakikausha.

Nikuulize kijana, chandarua unatumia? Maana hujakitaja. Feni ikiwa mbali na chandarua upepo mwingi unafia kwenye matundu, ndani unakufikia kidogo mno. Usikitoe tafadhali, mbu wa pwani wanajulikana. Fanya hivi, feni isogeze karibu iwe chini usawa wa godoro, isikae juu inapiga paa la chandarua, na uielekeze ubavuni mwako ili upepo upite juu ya mwili. Na chandarua kiwe kile cha pembe nne kipana, yale ya duara yanayobana juu yanakusanya joto.

Na jambo la wazee wetu ambalo vijana mmelisahau. Vitanda vyetu vilikuwa vya kamba, upepo unapita chini na juu, ukitandika mkeka na leso tu unalala kaskazi nzima hujui joto. Godoro likiwepo lilikuwa la sufi, tena linatolewa juani kila wiki. Mimi mpaka leo miezi ya kaskazi natandika mkeka wa ukindu juu ya godoro, shuka jembamba juu yake. Ule ususi wenyewe unainua mwili kidogo, jasho linapata njia. Usiku wa kwanza utauona mgumu, wa pili unazoea. Kama sakafu yenu ni ya saruji au vigae na haina unyevu, lala hapo chini na mkeka zile siku mbaya zaidi, hewa ya baridi inakaa chini siku zote.

Mtoto wa Dodoma

Mama nimekuelewa, kumbe ndo maana nilipokuja Dar kusoma haikunisaidia.

Kijana wa Tabata

Chandarua ninacho mama, tena cha duara. Swali lingine, kuna jamaa kazini anasema nioge maji ya friji kabisa dakika ya mwisho kabla ya kulala, nimefanya lakini nusu saa tu joto linarudi, tena naona limezidi. Au ni mawazo yangu?

Dada Nesi

Sio mawazo yako. Mwili ukitaka kulala unashusha joto lake la ndani, karibu nyuzi moja, na njia yake ya kulitoa ni kupeleka damu kwenye ngozi, hasa viganja na nyayo. Ndo maana mtu mwenye joto usingizini anatoa mguu nje ya shuka bila kujua. Sasa ukimwagia maji ya barafu mishipa ya kwenye ngozi inajibana, joto linafungiwa ndani, na ukitoka bafuni mwili unahangaika kujirudisha. Oga maji ya kawaida au ya uvuguvugu, na uoge mapema, saa moja au mbili kabla ya kulala. Ngozi inafunguka, damu inakuja juu, joto linatoka, ukifika kitandani mwili umeshaanza kupoa. Watu wanashangaa nikiwaambia hivi lakini jaribuni.

Usijifute ukakauka kabisa, acha unyevu kidogo feni ifanye kazi. Nyayo ziache wazi. Na chakula, ugali wa saa nne usiku na nyama, unalala mwili bado unasaga chakula, joto linaongezeka. Kula mapema. Bia nayo inakulaza haraka halafu inakuamsha usiku umelowa. Maji kunywa mchana kutwa, usiyasubiri usiku ukaamka kwenda msalani kila saa.

Kuhusu wifi yetu, msigombane kwa feni, kila mtu awe na shuka lake. Yeye ajifunike la kwake zito, wewe kanga au kikoi, na feni iwe upande wako ikielekea kwako tu. Shuka moja la watu wawili ndo linaloleta ugomvi.

Bwana Uniti

Niongeze kwenye hesabu maana watu wanaogopa feni kumbe wangeogopa pasi. Feni ya kawaida inakula kama wati 60, ukiiwasha saa 8 ni kama nusu uniti, mwezi mzima uniti 14 au 15. AC ya BTU 12,000 kompresa ikifanya kazi inavuta karibu kilowati moja, usiku mmoja inaweza kula uniti 4 au 5 kutegemea chumba kilivyozibwa na umeiweka nyuzi ngapi. Kwa mtu aliye kwenye bei nafuu ya umeme ya matumizi madogo, yale yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, AC inakutoa humo wiki ya tatu haijaisha. Kwa hiyo hata ukiwa na feni mbili, moja yako na moja dirishani, bado uko pazuri. Ya dirishani igeuze itoe hewa ya ndani nje kuanzia saa mbili usiku, fungua mlango wa sebuleni wenye wavu, hewa ya nje ambayo imeshapoa inavutwa kuingia.

Bint Unguja, Muscat

Nawasoma kutoka Muscat huku, joto la kwenu nalitamani. Hapa Oman mji wa Quriyat mwezi wa Juni 2018 usiku kucha joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Hewa ikishafika nyuzi 40 feni peke yake inakupulizia moto, kwa hiyo huku AC ni lazima, sio anasa. Lakini hata mwenye AC asiiweke 18, weka 25 au 26 na feni ya juu iwake polepole, mwili unasikia vile vile na umeme unapungua sana. Watu wengi wanaamka na mafua na koo kavu kwa sababu ya hiyo 18. Siku Mungu akijaalia ukaipata usisahau hili.

Fundi Msanifu

Wote mmesema vizuri ila hamjaugusa ukuta. Dirisha linatazama magharibi, ina maana ukuta wa kitanda chake unapigwa na jua kuanzia saa nane mpaka jua linazama. Tofali la saruji linameza joto mchana kutwa na linaanza kulitoa usiku, ndo hiyo saa saba saa nane anayoamka. Weka mkono ukutani saa nne usiku, ukiukuta wa vuguvugu ujue ndo adui wako. Hamisha kitanda, kikae ukuta wa ndani, kisiguse ule wa magharibi. Halafu kivuli kiwe NJE, pazia la ndani halisaidii sana kwa sababu jua likishapita kioo joto limeshaingia. Ongea na mwenye nyumba akuruhusu kuweka makuti, turubai au hata shedineti ile ya bustani ya mboga, iache nafasi kidogo na ukuta. Dirisha lifunge mchana na pazia, lifungue jua likishazama.

Juu kwenye bati, joto linakaa kati ya bati na siling bodi halina pa kutokea. Nyumba za zamani ziliachwa wazi pale ukuta unapokutana na paa, hewa ya moto inatoka yenyewe. Siku hizi tunaziba kote. Mwenye nyumba akikubali kutoboa matundu kwenye faskia (ule ubao wa pembeni mwa paa) na kuyawekea wavu wa mbu, na kupaka bati rangi nyeupe, mtashangaa wote. Kule Magoda mkoani Tanga zilijengwa nyumba za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa, wavu kila mahali na nyingine vyumba vya kulala viko ghorofani, zikapimwa, usiku zilikuwa na baridi kuliko za jirani na mbu walipungua. Kwa hiyo inawezekana kuwa na wavu na upepo kwa pamoja, sio lazima uchague kimoja.

Anza na kitanda kwanza, hicho hakina gharama. Shedineti inauzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo, pima dirisha na ukuta uongeze nusu mita kila upande, ukikwama namna ya kuifunga weka picha ya ukuta hapa nikuelekeze.