Komedi za uchafu kwenye mabasi ya mikoani: nani kawaambia hizi ni muvi za familia?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na naomba mtu asinitulize kabla hajasoma mpaka mwisho. Mods msiuunganishe uzi huu na ule wa nauli, ni mambo mawili tofauti.

Tulipanda basi stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri, safari ya Mwanza. Mimi, mke wangu, binti yetu wa darasa la tatu, na mama mkwe wangu aliyekuwa anarudi nyumbani baada ya matibabu Dar. Mama mkwe alikaa dirishani na mjukuu wake, mimi na mke wangu upande wa pili wa korido. Mpaka Morogoro ilikuwa kwaya, tena kwaya nzuri, watu wanaimbia humo humo. Baada ya watu kunywa chai, konda akachomeka flashi nyingine.

Muvi ya Kimarekani, imetafsiriwa Kiswahili na hawa vijana wa kuingiza sauti. Mwanzo jamaa kashikwa na tumbo la kuhara katikati ya karamu, anakimbilia chooni, sauti zote zinasikika, na spika ziko juu ya kichwa cha kila abiria. Basi zima likacheka. Binti yangu akacheka. Sikuwa na neno. Tulipopita Gairo mambo yakabadilika. Mwanamume kavuliwa suruali mbele za watu, kinachofuata ni kitandani, na mtafsiri, ambaye hakuna aliyemwomba, anaongezea tusi la nguoni ambalo hata kwenye muvi yenyewe halimo. Mama mkwe akavuta khanga, akajifunika uso wote, akageukia dirishani kama aliyelala. Na binti yangu, kwa sauti ya mtoto asiyejua kosa lake, akaniuliza kuvuka korido: "Baba, yule mama anamfanya nini yule baba?"

Mbele ya bibi yake. Mbele ya mkwe wangu, mtu ambaye nikimkuta mlangoni nasimama pembeni mpaka apite.

Nikamfuata konda mbele, kwa adabu kabisa, nikamwambia kijana naomba ubadilishe, kuna watoto na kuna wazee. Jibu lake: "Mzee, hiyo ni komedi tu, si unaona watu wanafurahi?" Dereva hata hakugeuka. Muvi ikaisha tukiwa tumeshaikaribia Dodoma, na mama mkwe hakuifunua ile khanga mpaka tuliposimama watu wakachimbe dawa. Kampuni siitaji, kwa sababu kila niliyemsimulia ananiambia na yeye yamemkuta kwenye basi jingine.

Sasa tuzungumze hiyo "komedi tu".

Kwanza nieleweke: uchafu wa tumbo haunisumbui. Ushuzi, matapishi, mtu kukanyaga kinyesi, watoto wameyacheka tangu dunia iumbwe, na bibi zetu walitusimulia habari za fisi aliyekula mpaka tumbo likamuumbua. Mtoto hatoki pale na kitu kibaya. Atarudia ile sauti siku mbili, mama yake atamkemea, basi. Kinachonichoma ni kwamba muvi hizi hazikai hapo. Kicheko cha choo kinakufungua mlango, na ukishakaa vizuri na familia yako, nyuma yake inaingia ngono ya kudhalilishana, bangi na madawa yanayoonyeshwa kama mchezo, na dhihaka kwa maumbile ya watu. Mtu anayepima muvi kwa robo saa ya kwanza hawezi kujua. Yule konda alishaiona yote, mara nyingi tu. Yeye alijua.

Chukueni The Nutty Professor ya Eddie Murphy, ya mwaka 1996. Wengi mnakumbuka ile meza ya chakula, familia nzima ya Klump inajamba kwa zamu. Watu wazima kwa watoto wanavunjika mbavu. Lakini meza hiyo hiyo ndiyo yenye bibi anayezungumzia mambo ya chumbani mbele ya wajukuu, na muvi nzima inabebwa na unene wa mtu mmoja. Mwanao mnene anayeitwa majina shuleni akiitazama akiwa katikati ya darasa zima, huyo naye anacheka? Hilo silioni likiulizwa hata siku moja. Tunauliza tu kama kuna "mambo ya kikubwa".

Au White Chicks, 2004. Hakuna muvi iliyopigwa kwenye mabasi na mabanda ya video hapa kwetu kuizidi hiyo, labda za Jackie Chan. Watu wanaiona kama ya watoto kwa sababu ni wanaume wawili wamevaa sura za wasichana wa kizungu. Wamarekani wenyewe waliipa daraja la PG-13, na sababu waliziandika: mzaha mchafu na wa kingono, lugha chafu, na habari za madawa ya kulevya. Wameandika! Ni kazi ya kusoma mstari mmoja.

Na hapa kuna watu huwa wananiambia PG-13 si ndiyo ruksa kuanzia miaka 13? Siyo. PG-13 ni onyo kali kwa mzazi, basi. Hata wa miaka sita akienda sinema hazuiliwi. Daraja hilo lilianzishwa mwaka 1984 kwa sababu wazazi wa kule walikasirishwa na Gremlins na ile Indiana Jones ya pili, zote zilikuwa PG ya kawaida, watoto wakatoka ukumbini wametishika. Maana yake kelele za wazazi zilibadilisha utaratibu wa nchi nzima. Sisi tukipiga kelele tunaambiwa washamba. Daraja la juu yake, R, ndilo la aliye chini ya miaka 17 kutoingia bila mzazi au mlezi.

Twende kwenye R. Ted, ya 2012: jaladani kuna dubu wa kuchezea watoto. Dubu huyo anavuta bangi, anatukana, analeta makahaba nyumbani, na kinyesi kiko sakafuni sebuleni. Sausage Party, ya 2016: ni katuni, soseji na mikate ya supamaketi inaongea, na inamalizikia kwa vyakula kufanya ngono kwa makundi. Hii nimeikuta kwa macho yangu kwenye duka la kurusha muvi mtaani kwetu, imewekwa folda la katuni, jirani na muvi za watoto wa chekechea. Kijana nilipomwambia alishangaa, hakuwahi kuifungua. Huyo namsamehe nusu, maana hata Marekani kwenyewe, Concord, California, mwaka ule ule, ukumbi mmoja ulirusha tangazo la muvi hiyo kimakosa mbele ya wazazi waliopeleka watoto kutazama Finding Dory. Tofauti ni kwamba wale waliomba radhi. Mimi nimeambiwa watu wanafurahi.

Halafu msitegemee herufi peke yake. Sausage Party hiyo hiyo Uingereza walisema miaka 15, Ufaransa wakasema 12, na vyama vya familia za Kikatoliki kule vikaipeleka mahakamani. Kila nchi inapima kwa mizani yake, na ya kwetu je? Mizani yao inauliza swali moja tu: mtoto ana miaka mingapi. Kwetu hilo halitoshi. Mimi ni mtu mzima, nina ndevu zenye mvi, lakini kuna muvi siwezi kutazama na mama mkwe, wala mke wangu hawezi kutazama na baba yangu, wala kaka na dada waliokwisha balehe hawawezi kukaa nayo sebule moja bila mmoja kujifanya anaenda kunywa maji. Familia kwetu ni shemeji, mkwe, mjukuu, mjomba na binti wa kazi, wote chumba kimoja na luninga moja. Ukitaka kujua kama muvi inafaa familia, usiulize umri wa mdogo kuliko wote. Angalia nani amekaa na nani. Hilo halijaandikwa kwenye jalada lolote la Marekani, na ndiyo maana kunakili madaraja yao hakutatusaidia.

Na sebuleni angalau una rimoti. Kwenye basi la Mwanza unaenda wapi? Huwezi kutoka nje, huwezi kuzima, sauti haina pa kukwepea. Umelipa nauli kamili ya kumfungia mtoto wako ndani na tusi la nguoni.

Suala la watafsiri nalo lisemwe. Nawaheshimu, bila wao bibi zetu wasingefuata hata hadithi moja ya Kichina, na marehemu Lufufu alikuwa na kipaji cha pekee. Lakini wapo wa siku hizi wanaodhani tusi ndilo linalouza. Muvi iliyokuwa na uchafu kiasi inatoka mikononi mwao imeongezwa mara mbili. Kwa hiyo hata daraja la asili la muvi halina maana tena, kwa sababu unachosikia si kile kilichopimwa.

Sheria ipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, inataka filamu ya kuonyeshwa hadharani ipite Bodi ya Filamu kwanza. Basi lenye abiria hamsini na kitu si hadharani? Majirani zetu Kenya bodi yao imewahi kuwaonya wenye matatu juu ya picha chafu. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanamkagua dereva spidi, wanakagua tiketi na ratiba, hayo nawapongeza. Wakague na flashi.

NYONGEZA: Naona wachangiaji wa mwanzo mnaniambia "nunua gari lako", "panda ndege", "mzibe mtoto masikio". Mkuu uliyeandika la masikio, nimzibe mtoto au mama mkwe? Nina mikono miwili. Na wewe uliyesema nataka muvi za dini tu, rudi juu ukasome nilichoandika kuhusu kuhara. Nataka vichekesho. Vya Mzee Majuto vimechekesha nchi hii miaka na miaka, na basi zima lingecheka, mama mkwe akiwa wa kwanza.

Ninachohitaji ni kimoja. Kuna mdau humu LATRA au Bodi ya Filamu? Barua nimeshaiandika: tarehe, namba ya basi, muda na eneo. Nielekezeni ofisi ya kuipeleka ambayo haitanizungusha, na wenye video za matukio kama haya wekeni tarehe na njia hapa chini, niziambatanishe kabla sijaituma Jumatatu.