Postfix (seva ya meili): seting niliyoweka chini ya submission haifanyi kazi, msaada wakuu

Mgeni_wa_Terminal
Wakuu habari zenu. Nataka meili ambazo watu wetu wanatuma kupitia poti 587 ziondolewe ile heda ya Received inayoanika IP ya mtumaji, sasa kwenye master.cf (faili la huduma za Postfix) chini ya submission (huduma ya hiyo poti 587) nimeongeza `-o header_checks=pcre:/etc/postfix/ficha_ip` nikapiga `postfix reload`, haileti era yoyote lakini IP bado iko palepale. Nikiihamishia main.cf (faili la seting za Postfix nzima) inakubali, ila inafyeka heda hadi za meili zinazoingia kutoka nje na hizo nazihitaji. Si prosesi mtoto inarithi kwa prosesi mzazi jamani?

Kipanga
Zima seva uwashe upya, huenda kuna prosesi za zamani bado ziko hai.

Mzee_wa_Seva
Hapana @Kipanga, reload inatosha, na hata bila hiyo smtpd (prosesi inayopokea meili) hujifia yenyewe ikishahudumia mara 100 au ikikaa bure sekunde 100 (max_use na max_idle, usipozigusa).

Shida ni ukoo. Mzazi ni master (prosesi kuu ya Postfix) peke yake, smtpd na cleanup (inayoshughulikia heda kabla meili haijaingia foleni) ni ndugu, smtpd haizai cleanup bali inaipelekea meili kupitia soketi basi. Na main.cf hairithiwi, kila mtoto akianza anaisoma mwenyewe halafu zile `-o` za mstari wake tu ndo zinapita juu yake. Sasa header_checks ni kazi ya cleanup, smtpd wako kapewa agizo lisilomhusu kanyamaza zake, ndo maana huoni era.

Kopi mstari wa cleanup ulioko master.cf, upe jina jipya, alafu submission ielekeze huko:

```
submission inet n - y - - smtpd
  -o cleanup_service_name=subcleanup
subcleanup unix n - y - 0 cleanup
  -o header_checks=pcre:/etc/postfix/ficha_ip
```

Za kwako nyingine za submission ziache zilivyo. Usiweke nafasi kando ya =, na mistari ya `-o` lazima ianze na nafasi.

Mgeni_wa_Terminal
Imekubali mkuu! Zinazotoka safi, zinazoingia hazijaguswa, na `postconf -P` inaionyesha kabisa subcleanup/unix/header_checks. Na vipi TZ (saa za eneo) niliyoexport kwenye shell, nayo inafika kwa watoto?

Mzee_wa_Seva
TZ inapita, imo kwenye import_environment (orodha ya vigezo vya nje ambavyo Postfix inaviruhusu kuingia). Usiyoitaja humo inatupwa mlangoni.