Maruhubi, Mtoni na Kidichi kwa baiskeli

Muulizaji: Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi na mwanangu wa miaka 14 tunakusudia kutoka Darajani, mjini Zanzibar, kwa baiskeli ili tuyaone magofu ya kaskazini ya mji kwa siku moja. Naomba mnishauri tuanzie wapi.

Jibu la kwanza: Waalaykum salaam. Shikeni njia ya Bububu mara baada ya sala ya alfajiri, kabla daladala hazijawa nyingi. Anzeni Maruhubi, kasri alilolijenga Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na ambalo liliteketea kwa moto mwaka 1899. Nguzo nene zilizobeba baraza zingali zimesimama, na mkizikaribia mtaona mawe ya matumbawe yakichungulia pale chokaa ilipobanduka. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri jingine, alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, mwaka 1844.

Jibu la pili: Naongezea Kidichi, kwenye hamamu (nyumba ya kuogea) ya kale, ambako kwangu mimi ndiko kunakostahili muda mrefu zaidi. Mkifika Bububu pindeni kulia. Njia inapanda, kwa hiyo mtoto asione haya kushuka na kuikokota baiskeli. Hamamu ile Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shehrzad wa Uajemi, na ndani kuna maua yaliyofinyangwa kwa lipu ukutani, ambayo tafadhali msiyaguse, kwani yanamomonyoka. Chukueni pampu na viraka.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Inshallah tutaondoka Jumamosi, na Kidichi tutakaa hadi adhuhuri.