Diski ya nje iliyofungwa imegoma: nivunje kesi, nitumie programu au niipeleke maabara?

Zubeda_K
Wakuu habari zenu. Nina diski ya nje ya terabaiti 1, zile ndogo za inchi 2.5 zisizo na skrubu hata moja, kesi imebanwa kwa vijino vya plastiki. Ndani kuna picha za marehemu baba na hazipo sehemu nyingine yoyote. Nikichomeka inazunguka kawaida bila kugonga, kompyuta inaiona ila inaniambia niifomati. Ushauri niliopewa ni huo wa aina tatu hapo juu, nataka kujua ipi inafaa kabla sijaigusa.

fundi_bodi
Pole sana dada. Fomati usibonyeze, na chkdsk (programu ya Windows ya kurekebisha makosa ya diski) usiikubali maana inaandika kwenye diski hiyohiyo na ikikuta sekta mbovu (vipande vya diski visivyosomeka) inazidi kuvuruga. Jaribu waya mwingine mfupi kwanza.
Kuvunja kesi inategemea ndani kuna nini. Zile kubwa za inchi 3.5 zenye adapta ya umeme mara nyingi ndani ni diski ya SATA (tundu la kuchomeka diski ndani ya kompyuta) ya kawaida pamoja na bodi ndogo ya kugeuza iwe USB, bodi ikifa unachomoa diski unaichomeka kwenye kompyuta na mara nyingi inasoma. Ila hizo ndogo, mfano My Passport nyingi za Western Digital, tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, SATA hamna, utavunja kesi na hutapata pa kuchomeka. Halafu kuna ambazo chipu inafunga data kwa msimbo hata kama hukuwahi kuweka nywila, yani ukiikwepa hiyo chipu unachosoma ni takataka tupu.

Juma_picha
Mimi naona programu tu inatosha, skani usiku kucha asubuhi faili zipo.

mtu_wa_linux
@Juma_picha kwa faili zilizofutwa kwenye diski isiyo na ubovu sawa kabisa, kwa diski inayochoka hapana. Skani inarudi palepale penye sekta mbovu tena na tena na kichwa cha kusomea kinazidi kuumia. Dada, toa kopi ya diski nzima kwanza, mengine baadaye. Washa Linux, angalia jina la diski kwa amri ya lsblk (hapa kuwa makini mno, ukikosea jina unakopi diski nyingine; /dev/sdb hapo chini ni mfano tu), halafu ukiwa na haki za root, yani msimamizi, endesha programu ya kukopi ddrescue:

ddrescue -d -n /dev/sdb kopi.img ramani.map

Inachukua penye uzima kwanza, penye ubovu inapaacha. Ukitaka kurudia penye ubovu toa -n weka -r3, ramani.map inakumbuka ilipoishia. kopi.img iwe kwenye diski nyingine yenye nafasi zaidi ya hiyo terabaiti 1. Ikiisha unaweka pembeni ile mgonjwa, TestDisk, programu ya kurudisha sehemu za diski, unaiendesha kwenye kopi, ikishindikana PhotoRec, hiyo picha inazitoa ila majina ya faili na mafolda yanapotea.

kaka_mdogo
Vipi kununua diski kama hiyohiyo na kubadilisha bodi?

fundi_bodi
Zamani ilikuwa inakubali, saivi bodi ina chipu ndogo ya ROM yenye vipimo vya vichwa vya diski hiyo moja tu, lazima uichomoe uihamishie bodi mpya. Na ya dada inazunguka na inaonekana, bodi sio tatizo.

Mama_Rehema
Naongezea kuhusu mlio maana ndio unaoamua. Ikigonga tik tik tik mara nyingi ni vichwa, ikilia bip hafifu bila kuzunguka mara nyingi vichwa vimeganda juu ya sahani au mota imekwama. Hapo ni maabara tu yenye chumba kisicho na vumbi, kichwa kinaelea nanomita chache juu ya sahani, chembe moja ya vumbi inachubua. Na ule ushauri wa kuiweka friza achana nao kabisa, unyevu unaganda ndani.

Zubeda_K
Nimewaelewa, asanteni mno. Naanza na kopi. Ikianza kugonga katikati je?

mtu_wa_linux
Chomoa hapohapo na usiiwashe tena. Peleka maabara diski pamoja na bodi yake, na kopi.img na ramani.map uvitunze wavione, kipande kilichotoka kimeshatoka.